Ombi la Kumrudisha Mke Wangu kwa Siku Moja ya Kazi, Mpakani Kasumbalesa

Lubumbashi, mtaa wa Hewa Bora

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge inayoangalia Biashara ya Kimataifa na Mifumo ya Mipaka

Jambo: jiwe la kaburi lililozuiliwa mpakani

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Ninaanza kwa kuomba radhi. Najua barua hii inakukuta na kazi nyingi, na najua kwamba mtu wa umri wangu angepaswa kukaa nyumbani akiwaombea viongozi wake badala ya kuwaandikia. Mapadre walionilea shuleni walitufundisha kwamba barua kwa mkubwa isizidi ukurasa mmoja. Nimejaribu. Jambo lenyewe limekataa.

Mimi ni Liévin Mutonkole, mstaafu wa reli na mgane. Mke wangu, Huguette, alifariki kabla ya mvua za mwaka jana. Nilimwagizia jiwe la kaburi kwa fundi mmoja wa Ndola, ng'ambo ya mpaka: jiwe jeusi, lenye msalaba na jina lake. Fundi alilimaliza mapema na lori likalifikisha Kasumbalesa bila mkwaruzo. Liko pale hadi leo, ndani ya sanduku la mbao. Siandiki ili kumshitaki mtu. Watumishi wote niliowakuta ni wapole, walinipa kiti, na ofisi inayohusika sitaitaja, wasije wakapata taabu kwa ajili yangu. Nalalamikia mfumo tu, kwa kuwa nimesikia redioni kwamba kazi ya Kamati yako ni kuuangalia mfumo. Niruhusu basi nipange malalamiko yangu kwa namba.

1. Kuhusu mwenye mali. Kwetu jiwe la kaburi ni mali ya marehemu. Mume hulinunua, lakini si lake. Nilipotaka mzigo uandikwe kwa jina langu, shemeji yangu Kunda, kaka mkubwa wa Huguette, alisimama katikati ya sebule yangu na kuniuliza mbele ya wageni: "Liévin, jiwe ya dada yangu, unataka kuandika jina yako? Weye njo mwenye ulikufa?" Wageni walicheka. Basi mpwa wangu Ariel, ambaye kazi yake ni kutoa mizigo ya watu forodhani, akaandika kwenye kompyuta, mahali pa mpokeaji, jina la Huguette. Nilimshukuru kwa kuheshimu desturi. Wakati ule sote tulidhani kwamba kompyuta nayo ina wakwe.

2. Kuhusu kufika mwenyewe. Mfumo mpya, ambao nasikia ulizinduliwa kwa ngoma na vinywaji, unataka mpokeaji afike kwa miguu yake, apigwe picha na kuweka kidole. Nilimweleza mama Séphora, anayekaa dirishani, kwamba mpokeaji wangu hawezi kufika. Akauliza kama anaumwa. Nikasema aliumwa. Akauliza atapona lini. Nilipompa hati ya kifo alivua miwani, akasimama, akanipa pole ya kweli ambayo sitaisahau, kisha akakaa tena mbele ya kioo chake. "Pole sana, papa," alisema. "Lakini système haijue bintu ya kufa. Inajua tu: alifika, ao hakufika."

Sikumlaumu. Hata mimi, Mheshimiwa, ilinichukua muda kulijua jambo hilo.

3. Kuhusu warithi. Mama Séphora alitafuta sana, akagundua kwamba mfumo unamkubali mrithi, mradi ukoo umtambue kwa maandishi. Nilikwenda kwa Kunda. Akanikumbusha kwamba ukoo haukai kuzungumza urithi kabla ya kuondoa matanga, na matanga hayaondolewi ila siku jiwe linapowekwa. Siku hiyo wakwe watakuja, watanivua kitambaa cheusi mkononi, watanimwagia maji na kunitangazia mbele ya watu kwamba niko huru. Bila jiwe, basi, hakuna kikao. Bila kikao hakuna mrithi. Bila mrithi hakuna jiwe. Nilimchorea mama Séphora duara hilo kwenye karatasi. Alilizungusha huku na huku, akaniambia ni duara zuri, na akaomba abaki nalo ili awaonyeshe wakubwa wake.

4. Kuhusu ziara ya Kamati yenu. Nilifurahi mno niliposikia kwamba Waheshimiwa watakuja wenyewe Kasumbalesa kuona kama ni kweli mizigo inachelewa. Nilivaa suti yangu ya harusi, nikaenda na ombi langu mfukoni. Nilikuta barabara tupu. Malori yote, hata yale ya shaba yatokayo mgodi wa Kinsevere, yalikuwa yamezuiwa mbali nyuma ya kilima, ili Kamati isikute foleni. Kwa hiyo foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote, kwa ajili ya kuonyesha kwamba haipo. Nilipopita huko nyuma, dereva mmoja aliyekuwa akipika ugali chini ya lori lake aliniita: "Papa, leo mupaka iko muzuri sana. Hakuna muntu anapita!" Baadaye nilisikia redioni mkisomewa ripoti kwamba mizigo yote iliyofika siku ya ziara ilitolewa siku hiyo hiyo. Ni kweli tupu, Mheshimiwa. Hakuna uliofika.

4 bis. Unisamehe kuirudia namba. Jambo hili sikutaka kuliweka, lakini nisipoliweka nitakuwa nimekuficha. Wewe mwenyewe ulihutubu ukiwa umesimama juu ya jukwaa dogo lenye zulia jekundu, na ulisema vizuri kuhusu mwendo kasi wa mifumo. Mlipoondoka, vijana walikunja zulia. Jukwaa lilikuwa sanduku la jiwe la Huguette. Tafadhali usihuzunike. Mke wangu alipenda mtu anayehutubu aonekane na watu wa nyuma. Mimi mwenyewe alinisimamisha juu ya kreti ya bia siku ya ubatizo wa mtoto wetu. Na ni haki niseme kwamba tangu jiwe lifike mpakani, hakuna mbunge mwingine aliyewahi kulikaribia jambo hili kiasi hicho. Naomba tu kwamba mkirudi, hotuba iwe fupi kidogo.

5. Kuhusu sifa yangu. Kaburi la Huguette lina kibao cha mbao tu, na mvua za mwaka huu zimekwisha kulifuta jina. Mama Martine wa kwaya amewaambia watu kwamba jiwe halijawahi kuwepo. Wengine wanasema lipo ila nimeliuza. Kunda anakuja kila Jumapili baada ya misa, anakula vizuri, ananawa mikono, ndipo anaanza: "Shemeji, hata mbuzi ya kuoa ulileta na kuchelewa. Leo jiwe. Dada yangu alikuwa mvumilivu, sisi hapana." Mbuzi yule, Mheshimiwa, alichelewa kwa sababu ya treni, na treni ilikuwa kazi yangu.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa ombi.

Nimetafakari kwa muda mrefu ni kitu gani hapa kinachoweza kubadilishwa. Kuubadili mfumo ni gharama kwa taifa, na sitaki taifa litumie fedha kwa ajili ya mzee mmoja. Kubadili desturi kutaleta ugomvi. Kumbadili Kunda hakuwezekani. Mama yake alijaribu. Nimeona kwamba, katika wote wanaohusika, aliyekuwa mwepesi siku zote kukubaliana na wengine ni mke wangu. Kwa hiyo naomba kwa heshima kwamba Bunge lipitishe sheria ya kifungu kimoja, itakayotamka kwamba Huguette yu hai kwa muda wa siku moja ya kazi, ili afike Kasumbalesa, apigwe picha, aweke kidole, apokee jiwe la kaburi lake, kisha arudi alikotoka bila deni kwa mtu yeyote.

Usidhani kwamba naomba makubwa. Kamati iliyoweza kuandika kwamba foleni haipo, huku nikiwa ndani yake, haitashindwa kuandika kwamba mtu mmoja yupo. Ni sentensi ile ile, imegeuzwa tu.

Ili kuwarahisishia kazi wataalamu wa sheria, naongeza masharti machache. Asipigwe picha bila kitambaa cha kichwa, hapendi. Asiwekwe kwenye foleni pamoja na wengine, si kwa sababu ya cheo, bali kwa sababu atamsalimu kila dereva, atauliza habari za watoto wake, na foleni itafika Lubumbashi. Saa ambazo dirisha limefungwa kwa chakula zisihesabiwe katika uhai wake. Tutaweza kukaa mahali wakati huo, akala mihogo ya kuchoma aliyoipenda akienda Kasumbalesa kununua vitenge. Na ikiwa siku hiyo mtandao utakuwa umelala, naomba sheria iseme wazi kwamba muda wake unaongezwa wenyewe mpaka mtandao uamke. Kwa jinsi ninavyoijua Kasumbalesa, nadhani tutakula Noeli pamoja, labda na Pasaka.

Huenda Waheshimiwa wa upinzani watauliza itakuwaje wagane wote wa Katanga wakiomba hivyo. Swali hilo ni la haki, nami nimeliwaza. Itabidi basi kila marehemu mwenye mzigo mpakani apewe siku yake. Watakuwa wengi, najua. Lakini watakuwa ni watu watulivu, hawatasukumana, hawatampa mtu kitu chini ya meza, na hata mfumo ukiwachelewesha hawatakasirika, kwa kuwa wamekwisha kupita mpaka mgumu zaidi. Kamati yako ikija kuwatembelea itakuta utaratibu mzuri ambao haujawahi kuonekana pale, na safari hii hakutakuwa na haja ya kumficha mtu nyuma ya kilima.

Nikiisha kusema hayo, naomba unisalimie jamaa yako yote nyumbani, Waheshimiwa wenzako wa pande zote mbili, karani atakayeifungua bahasha hii, ambaye namwomba radhi kwa mwandiko wangu, na walinzi wa mlangoni. Mama Séphora naye anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Mungu aulinde mpaka wetu, na wanaongoja hapo.

Nimevua kofia ninapotia sahihi,

Liévin Mutonkole

N.B. Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha simu ilipolia. Ni Ariel, kutoka Kasumbalesa, akipiga kelele kwa furaha: "Tonton, jiwe imetoka! Mama Séphora aliomba wakubwa, balifuta jina ya tantine Huguette, balitia jina yako. Système inakubali! Kuya huku unaikamata!" Kumbe ilikuwa ni kubofya tu. Kunda naye amepigiwa, na safari hii hakubisha hata kidogo. Amesema desturi ingoje nje kidogo. Amekwisha kuwaita wazee wa ukoo waje Jumamosi, kwenye kaburi, wanivue kitambaa na kunitangaza kwamba mimi si mume wa dada yao tena. Mama Martine anatayarisha nyimbo.

Nilikaa kitini, Mheshimiwa, na nikakitazama kitambaa changu. Kila mmoja mtaani ananiita bado bwana wa Huguette. Hata Kunda, anaponitukana Jumapili, ananitukana kama shemeji.

Nikamjibu Ariel kwa upole kwamba nashukuru sana, lakini siwezi kulichukua jiwe hilo, wala mtu yeyote asiliguse, kwa kuwa jambo lenyewe sasa liko mbele ya Bunge. Kwa hiyo naifungua bahasha na kuituma barua hii kama ilivyo, ila ninayafuta maneno yote niliyoyaandika juu ya kuchelewa. Naomba tu Kamati yako ilishughulikie ombi langu kama inavyoshughulikia mengine yote.