Kwa Miguu Hadi Nyambureti

Jumatatu, 4 Agosti

Baba mkwe, mzee Machage wa Nyambureti, amepiga simu. Ana maksai wawili waliokwisha kufundishwa kulima. Atampa mkwe atakayefika kwake kwa miguu na mke na mtoto, maana asiyeweza kutembea hawezi kufuata plau. Wakwe tuko wawili: mimi na Simoni wa Genkuru, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Simoni anakwenda wiki ijayo. Basi mimi nitatoka hapa Nyamwaga Ijumaa hii. Mwaka jana nililima kwa jembe la mkono, na mpaka leo nikiinama mgongo unalia.

Veronika, mke wangu, akauliza kama nimemfikiria Gloria, mwenye miaka miwili na nusu. Nikamwambia mtoto wa Kikurya anazaliwa akitembea. Akasema yeye ndiye aliyemzaa na hakuona hivyo.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi. Nyumbani hadi kanisani, si mbali. Tumetoka baada ya chai. Gloria akasimama kuangalia sisimizi. Kisha mbuzi. Kisha akawakumbuka sisimizi, tukarudi. Adhuhuri tulikuwa bado kwenye migomba ya jirani. Akakataa kubebwa, akakataa kutembea, akakaa chini. Nikampa pipi ili ainuke. Akaila amekaa.

Nimegundua tatizo ni njia. Ina mbuzi wengi mno.

Ijumaa, Nane Nane

Tumeanza alfajiri. Mpango: kulala ng'ambo ya Mto Mara. Tumelala Genkuru, tena kwa Simoni! Akatukaribisha vizuri kupita kiasi, akauliza kama tumetoka kunyoosha miguu kidogo. Nikala ugali wake kwa hasira, nikaongezewa, nikala tena. Kisha nikatangaza mbele ya wote kwamba kesho nitambeba Gloria peke yangu, Veronika atangulie mikono mitupu.

Veronika hakubisha. Hilo pekee lilipaswa kunishtua.

Jumamosi, 9 Agosti

Veronika aliondoka jua halijatoka. Mimi nikamfunga Gloria mgongoni kwa kanga ya mama yake. Mwanamume mzima. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni wakasimama kutazama. Mmoja akaniuliza kama namnyonyesha pia. Mlimani goti likakataa. Gloria akalala, akawa mzito kama gunia la mahindi. Ikapita bodaboda, ikasimama. Sikuiita. Niliinua mkono kufuta jasho tu.

Tukapita njia nyingine, Veronika asituone. Dereva akatushusha bondeni chini ya boma la mzee. Nikajipaka vumbi miguuni, nikampaka na Gloria, nikamfunga tena mgongoni. Mara mama mkwe huyo anapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani.

Kwetu hukutani na mama mkwe uso kwa uso njiani. Unampisha. Nikajitupa majanini kifudifudi, mtoto mgongoni. Mimi sikuonekana. Gloria alionekana mwili mzima. Akasema shikamoo bibi, halafu pikipiki, halafu akauiga mlio wa pikipiki, na kupiga honi.

Mama mkwe hakugeuza hata shingo, heshima yake ni kubwa. Alisema na Gloria tu: amwambie baba yake aliyelala kwenye nyasi kwamba karibuni nyumbani, ila ajabu mama Gloria, aliyepiga simu kwamba ametangulia, hajafika bado.

Hilo nilikuwa sijalifikiria.

Jumapili, 10 Agosti

Veronika alifika jana jioni, kwa miguu. Mzee amempa yeye maksai. Alipomaliza kunicheka, akasema nitaruhusiwa kushika plau Veronika akipenda. Nimeona aibu, sikatai. Lakini maksai wanakuja nyumbani kwangu, na Simoni hana kitu.

Kuna sharti moja. Nitawaswaga mwenyewe hadi Nyamwaga, kwa miguu, bila gari. Nikikiuka, wanakwenda kwa Simoni. Veronika na Gloria wanabaki hapa wiki nzima.

Goti limevimba. Nimejificha nyuma ya ghala nikampigia simu mtu mwenye Fuso. Kesho atanisubiri kwenye kona karibu na daraja, atatupakia wote watatu. Hakuna aliyenisikia isipokuwa Gloria, aliyekuwa kando yangu akila ndizi na kuimba Fuso, Fuso. Heri yeye anabaki kwa babu yake. Hataniharibia njiani.