Kiti cha Eliana Hakitikisiki

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeahidi! Jumapili Eliana, mjukuu wangu wa kwanza, anakwenda Issuna kuonwa na mama yangu. Na atakwenda kwa gari langu mimi, Fredrick. Mama hajamwona kitukuu wake hata kwa picha. Simu yake ni ya kitochi.

Sababu nyingine siisemi mbele za watu. Tangu ninunue hiki kigari changu cha milango miwili, Mama anakiita gari la kubebea kuku. Ni kweli nabeba kuku, ndiyo biashara yangu. Mimi nakiita Kanga, kwa sababu ya madoadoa ya rangi. Lakini mama mzazi akikutania mbele ya majirani kila ukifika, inauma. Jumapili nitasimama mlangoni kwake, nitafungua Kanga, nitamkabidhi kitukuu. Tutaona atasema nini.

Binti yangu Rebeka, mama wa mtoto, ni nesi na hapindishwi. Kasema Eliana atasafiri ndani ya kile kiti cha mtoto alichozawadiwa na wenzake kazini, na kiti kifungwe kisitikisike. Kikitikisika, mtoto anapanda Noah, lile gari refu la Urbano.

Urbano ni mkwe mwenzangu, babu wa upande wa pili. Mstaafu wa reli. Ana Noah na ana adabu. Sijui lipi linaniudhi zaidi.

Jioni wamekileta kiti. Nilidhani wameleta kochi.

Jumanne, 10 Juni

Mlangoni hakipiti. Nimetanguliza juu, chini kumegoma. Nimetanguliza chini, juu kumegoma. Mke wangu Agripina alikuwa anapepeta mchele, akaniuliza kama nimejaribu kukibembeleza. Mwishowe nimekipitishia buti, wanapopita kuku. Hilo Mama hatalijua.

Halafu mkanda wa gari haufiki! Unakizunguka kiti nusu, unakwisha. Hakuna shida. Nina mipira ya kufungia matenga, ile inayokatwa kwenye tyubu za baiskeli. Tangu nianze biashara hii tenga halijawahi kunidondoka.

Majaribio. Nikaweka dumu la mafuta ya alizeti kwenye kiti, liwe Eliana. Nikaelekea Unyambwa kwa mwendo wa kistaarabu. Kwenye tuta la kwanza Eliana akasujudu. Kwenye tuta la pili kifuniko kikatoka.

Yalikuwa mafuta ya sherehe ya Jumapili. Agripina hajafoka. Amenyamaza, na Agripina akinyamaza ni heri ufokewe.

Jumatano, 11 Juni

Urbano kaja. Mwembamba vilevile, shati kachomekea. Kasema gari langu linanukia vizuri, kama maandazi. Sikucheka. Kasema Noah ipo, twende wote, mimi nitakaa mbele. Mbele! Kama abiria! Nikamjibu kwa upole kwamba watoto wachanga huchafukwa na tumbo kwenye magari marefu. Utafiti umeonyesha. Akashukuru, akaondoka.

Hata chai sijamaliza, Rebeka akapiga simu kutaka kujua ni utafiti gani. Nikamwambia mtandao unakatika. Akasema mtandao ni mzuri, anasikia mpaka kuku wangu wakilia.

Mkwe gani huyu anayesafirisha maneno! Ndiyo tabia ya reli.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimetumia akili. Fundi Isaka kanifungia mkanda mrefu uliotoka kwenye gari kubwa. Unakizunguka kiti na kubaki. Isaka kasema sasa tatizo si mkanda, ni mafuta, siti imelowa na kiti kinateleza. Nikamwambia hayo niachie mimi.

Nikamwaga pumba za mahindi ziyanyonye mafuta. Wazo zuri sana. Yakanyonywa. Ila nilikuwa nimeacha mlango wazi, na kuku wote wa uani wakahamia ndani ya Kanga kula pumba. Rebeka alipofika kukagua, tetea mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwanawe, ametulia, anamtazama.

Akamtoa. Akakishika kiti kwa mkono mmoja, akakitikisa. Kiti kikageuka kikaangalia dirishani.

Nikajaribu kuhamisha mazungumzo. Nikasema sipendi jinsi kiti kinavyotaka mtoto akae akitazama nyuma. Eliana anakwenda kwa mama yangu kinyumenyume, kama anayetoroka msibani! Rebeka akasema mtoto mchanga ndivyo anavyokaa, ni kwa ajili ya shingo yake. Kisha akasema ana huyu mmoja tu, hana wa akiba.

Kanipa mpaka Jumamosi.

Jumamosi, 14 Juni

Jana sikuandika. Nilikuwa nasugua siti kwa sabuni.

Lakini leo! Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Kiti kisikae nyuma ya abiria, kwa sababu ile siti ya mbele imeganda kwenye reli zake tangu nilipobeba vitunguu. Kikae nyuma ya dereva! Siti ya dereva inasogea vizuri. Nikaisukuma mbele mpaka mwisho, nikapachika kiti, nikakaza mkanda kwa goti, nikairudisha siti ya dereva ikakigusa. Yote haya nimeyafanya nikiwa nimeinama kutoka nje, na mgongo ninao hapa, unauma.

Rebeka akaja. Akatikisa kwa mkono mmoja. Kimya. Akatikisa kwa mikono miwili. Kanga zima likatikisika, kiti hakikutikisika! Akasoma kijitabu chake, akapima mlalo, akasoma tena. Kisha akasema, "Baba, safari hii umeweza."

Nina miaka hamsini na nane. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia hivyo.

Nimempigia Mama. Nimemwambia kesho saa nne akae mlangoni na majirani wawepo. Urbano nimemtumia ujumbe kwamba Noah ipumzike, au kama anapenda kusaidia, abebe kuku wa zawadi. Amejibu kwa adabu kuwa ni heshima kwake.

Jumapili, 15 Juni

Nitaandika kwa ufupi.

Suti. Tai. Kila mtu uani. Eliana amefungwa kwenye kiti, amelala. Rebeka amekaa nyuma pembeni yake. Mimi nikafungua mlango wa dereva, nikaingiza mguu wa kushoto. Uliingia. Nikaingiza sehemu nyingine. Tumbo likaupata usukani, honi ikalia. Nikavuta pumzi ndani, honi ikanyamaza. Nikapumua, honi ikalia. Majirani wakaanza kutoka.

Nikaomba siti irudishwe nyuma kidogo tu. Rebeka akasema hairudi, kiti ndipo kinaposhikia. Nikasema kidogo sana. Akanitazama kwa namna ambayo mama yake hunitazama. Mkwe wangu Peniel, baba wa Eliana, akapendekeza kiti kihamie kwenye Noah. Tukavuta wanaume watatu. Hakikutoka! Eliana akaamka akilia, Rebeka akasema basi, mtoto si mzigo.

Ndipo Urbano alipouliza, kwa adabu, kama ningependa ajaribu. Akaingia kwenye siti yangu kama uzi kwenye sindano.

Hivyo nimekwenda Issuna nikiendesha Noah ya Urbano. Agripina kushoto kwangu, Peniel nyuma, na tenga la kuku. Barabara nzima nilikuwa nyuma ya Kanga. Eliana alikuwa ananitazama mimi. Angalau hilo.

Mama alikuwa mlangoni, majirani wamejaa. Urbano akashuka kwenye Kanga, akamsaidia Rebeka kumtoa mtoto, akampa Mama mikononi, akamwamkia shikamoo vizuri kabisa. Mimi nikashuka kwenye Noah na tenga. Mama akaangalia gari langu, akaangalia tenga, akaniangalia.

"Kumbe wa kubeba kuku si gari," akasema. "Ni wewe."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Urbano peke yake hakucheka, na hilo nalo liliniudhi.

Baadaye Mama aliniita ndani. Alikuwa amemkumbatia Eliana, anambembeleza kwa Kinyaturu, wimbo uleule alioniimbia mimi. Akaniambia mtoto ana paji langu. Nikatoka nje nikasema ni upepo, macho yamejaa vumbi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetafakari sana. Kosa nimelijua.

Kosa si la kiti. Kiti kiko imara mpaka sasa, hakuna aliyeweza kukitoa. Kosa si la tumbo pia, ingawa Agripina amenipunguzia ugali bila kuniuliza. Kosa ni siti ya dereva! Inakula nafasi bure. Ile mito, kile chuma, yote ya nini? Fundi Isaka amekataa kuing'oa, kwa hiyo nimeazima spana nitaing'oa mwenyewe. Pale nitaweka kigoda. Mama ana kigoda kifupi cha miguu mitatu, nitakifuata Issuna kwa basi.

Mwezi ujao Eliana anapelekwa kliniki. Nimeshamwambia Urbano asijisumbue.

Agripina ameuliza kigoda kitafungwa na nini kisitikisike. Nimemwambia ile mipira ya matenga ipo. Inanitosha mimi. Mimi si mtoto.