Mlembe Kuninyima Sauti

Mpwapwa,
14 Mei 1994.

Bwana Afisa Nyuki wa Wilaya,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima pamoja na familia. Sisi tu wazima, isipokuwa mimi nina hasira.

Nimerina asali miaka thelathini na moja, nikiwatangulia warinaji wa kijiji na kufuata sauti ya mlembe, yule ndege mdogo anayewaonyesha watu nyuki walipo. Jumamosi ijayo wanakutana kuamua kama nikae nyuma, atangulie Ernest, mtoto wa kaka yangu. Naumia sana, bwana. Mwenye kosa ni ndege, na malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu mambo ya soko huria yaingie, mlembe ameacha kuniita. Anakuja, anatua tawini, anatanua mkia, anafungua mdomo na kuufunga kama diwani aliyekatiwa kipaza sauti. Ernest anasema anamsikia vizuri. Lakini tulikuwa tumesimama chini ya mti mmoja! Maana yake ndege huyu anamnong'oneza Ernest mbele ya macho yangu. Mimi kila mwaka nimemwachia sega lake; sijui mwenzangu anamwongezea nini.

2. Wadogo wengine wameiga. Nyenje wamegoma. Vifaranga vya mke wangu Yudith vinapanua midomo tu. Hata saa ya plastiki niliyonunua mnadani, ambayo muuzaji aliapa kwamba inalia, inawakera watu wote nyumbani kasoro mimi mwenye saa.

3. Wakubwa hawajabadilika. Ng'ombe namsikia. Lori la mahindi nalisikia likiwa bado bondeni. Mchungaji wetu namsikia hata nisipotaka.

4. Muuguzi Frida wa zahanati alinigongea vyuma viwili sikioni. Kirefu kilinguruma, nikasikia. Kifupi hakikusema kitu. Akaniambia eti sikio la mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile nzito zikabaki, na kwamba hicho kifupi Yudith alikisikia akiwa nje kwenye benchi. Nikamuuliza: tundu la sikio ni moja, itakuwaje ng'ombe apite, kifaranga akwame? Alicheka tu.

Kwa hiyo naomba ofisi yako imwamuru mlembe aongee kwa sauti nzito, isiyopungua ya fahali. Akishindwa, kazi yake itangazwe zabuni. Nampendekeza hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, ambaye ana mwili na sauti ya kazi.

Wasalimie wote ofisini, mama wa chai, na nyuki wa serikali popote walipo.

Ni mimi mrinaji wako mtiifu,
Yotham Chibago

Baada ya kusaini: Yudith ameingia kuniambia mlembe yuko juu ya paa letu tangu asubuhi, anapiga kelele hadi majirani wamekuja kuuliza kuna nini. Nimetoka. Kweli mdomo unakwenda. Ernest naye akaja, akasema nyuki wako ukuta wa jikoni, akakosea. Mimi nikaweka sikio kwenye ukuta wa chumbani: vuuu, nzito, tele! Tumetoa ndoo mbili za asali juu ya kitanda changu mwenyewe. Basi Jumamosi nitawaambia warinaji Yudith atangulie, amsikilize ndege. Mimi nitafuata nyuma, nisikilize miti. Nimekubali, ingawa nimelia kidogo. Tafadhali hondohondo asiambiwe kitu, asije akajiandaa bure.