Nilivyowatembeza Wakwe Kando ya Ziwa

Leo nimeaibika mbele ya wakwe, na mji ni mdogo, sina pa kujificha.

Binti yangu Aline anaolewa. Mchana familia ya mchumba wake imetoka Kigali kutuona mara ya kwanza: baba, mama, na nyanya yao, mukecuru, bibi kizee wa mkongojo. Eti masikio yake yamechoka.

Bon, nikawatembeza barabara ya kando ya ziwa. Mi nimekulia hapa! Tukaanzia karibu na Grande Barrière, mpakani na Goma, nikaeleza yote. Zamani ilikuwa vumbi tupu. Jumapili watu wa Goma walivuka kwa miguu, wamevaa nguo za misa, kuja kupunga upepo. Hoteli hizi zilikuwa nyumba za Wabelgiji, kisha za wafanyabiashara. Sisi watoto tulitembea peku mpaka njia ya Nyamyumba, tukirudi tunanuka samaki.

Baba mkwe akasema, "Hata mimi..." Sikumpa nafasi. (Nilishajiona profesa.)

Tukafika kwenye lango la buluu.

"Hapa alikaa mama mumoja mubaya! Mapera yake yanaoza chini, lakini ukigusa moja, anakumwagia maji ya vyombo!"

Nikamwigiza. Mikono kiunoni, mwendo wa bata: "Wezi! Wezi ya mapera!"

Hakuna aliyecheka. Baba mkwe akaangalia ziwa. Nikadhani hawajaelewa, nikarudia kwa sauti zaidi!

Mukecuru akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Donc ni we. We ulikwama kwa waya ya ukuta, kaptula ikabakia huko. Ulikimbia uchi mpaka plage, kwa muchanga ya ziwa."

Yebabawe! Masikio gani yamechoka?

Mke wangu akauliza taratibu, "Papa Aline, si uliniambia ile kovu ya paja ni ya mbwa?"

Nikainama kuomba msamaha. Mukecuru alikuwa anachungulia langoni.

"Muti ya mapera iko wapi?"

"Waliukata, mama. Wakaweka maegesho ya magari."

Akanishika mkono. Mkono wake mwepesi kama karatasi.

"Siku hamukuja kuiba," akasema, "nyumba ilikuwa kimya sana."

Tukarudi nyumbani polepole, hajaniachia mkono.

Ndoa imekubaliwa. Mukecuru ametoa sharti moja: siku ya harusi, mi nisipewe maikrofoni.

Atakayecheka hapa, asitegemee kadi ya mwaliko.