Prosesa kwa Bakuli la Harusi

Jumatatu, 12 Januari

Wunpini ametoka kuilisha kompyuta uji sasa hivi. Kijiko kizima cha uji wa mtama, kupitia vitundu vya ubavuni, huku akiiambia "kula, kula" kama ninavyomwambia yeye. Nimepangusa. Nimembusu. Ana mwaka mmoja na nusu na tayari ana huruma na wenye njaa. Mtoto wangu huyo!

Na kweli mashine ina njaa. Njaa ya nguvu. Leo vijana wa mtaa wamelipa, wamecheza mpira wao wa kompyuta humo, ikafika penalti, mchezaji akainua mguu na mguu ukabaki juu. Ungeweza kwenda kisimani na kurudi, bado yuko vile. Picha ilipotembea tena, kipa alikuwa amekwisha daka. Kisha kutoka ng'ambo ya barabara ikaja sauti ya Napari. Huyu ana baraza la michezo kama langu, ila lake lina kompyuta mbili mpya.

"Mama Wunpini, kwako wanacheza mpira au wanapiga picha za pasipoti?"

Barabara nzima ikacheka. Nikacheka na mimi. Moyoni, wapi!

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ni nusu fainali ya mpira huo wa kompyuta, ya vijana wa mtaa. Mama mkwe wangu, Mama Azara, amekwisha ongea kwa simu na mume wangu Salifu, aliye kusini na lori la viazi vikuu. Wameelewana kwamba ikiwa hata wiki hii benchi langu litakaa tupu, kompyuta iuzwe, nami nirudi kwenye kikundi cha kina mama kukanda mafuta ya shea. Sidharau shea, imenilea. Lakini kukanda kunataka mikono yote miwili mpaka jua la utosi, na Wunpini analia mgongoni kwa mtu mwingine. Hapa barazani anakaa juu ya nyayo zangu. Ndicho kiti chake. Sitaki kingine.

Mpango: prosesa! Vijana wanasema ndiyo ubongo wa kompyuta. Yangu Salifu aliinunua kwenye ofisi iliyofungwa, ubongo wake ni wa kizee. Natia mpya, maneno yameisha.

Jumanne, 13 Januari

Napari amevuka barabara, mikono mfukoni kama rafiki. Akasema nisinunue chochote. Eti ni vumbi tu. Harmatani, upepo wetu wa kiangazi wenye vumbi, imeingia ndani, feni imezibwa, nimpe aifungue na kuipuliza. Akaanza na habari za Jumamosi, kwamba mechi ni mbili na baraza lake sijui nini. Sikumsubiri amalize. Nikasema naenda kumwogesha mtoto. Mtoto alikuwa ameoga. Nikamwogesha tena.

Mwenye mashine mbili mpya anataka kufungua yangu! Vumbi! Vumbi liko kila mahali, limejaa hata kwenye kope za mbuzi, na mbuzi wanatembea vizuri tu.

Nimekwenda sokoni kwa Bawa, muuza vipuri. Nikamuuliza, nibadilishe prosesa au nisibadilishe? Akasema badilisha. Sikuwa hata nimemwambia ni mashine gani. Huyo ndiye mtaalamu! Nikamwonyesha namba niliyonakili kutoka kibandiko cha mashine. Akapekua kwenye kopo, akasema anayo, na inalingana na mashine yangu kabisa kabisa. Nikafurahi mpaka nikamshukuru mara mbili. Ila pesa sina. Akasema si lazima pesa. Mke wake anafungua mgahawa, anatafuta mabakuli makubwa.

Nimerudi, nazunguka chumbani. Sikai, silali. Macho yangu kila saa yanakwenda kwenye pembe ile.

Jumatano, 14 Januari

Pembe ile ni ya mabakuli ya mama yangu. Yamepangwa mpaka karibu na dari, kama nilivyoletwa nayo siku ya harusi, wasichana wakiyabeba kichwani na ngoma mbele. Hayapikiwi. Ni ya kutazamwa, watu wajue mke alitoka kwao na vyake.

Nimempa Wunpini achague, bakuli au prosesa. Akasema, "Kula." Hajasema bakuli! Basi.

Nimechomoa lile kuu la chini kabisa, lenye maua mekundu. Mahali pake nimepindua ndoo ya kuogea, nikaifunika kitambaa. Mnara umeinama kidogo. Ukiinamisha kichwa na wewe, umenyooka.

Tumekwenda, bakuli kichwani, Wunpini mgongoni akilipiga kwa kijiko njia nzima. Ngoma kama siku ya harusi, ila safari hii bakuli linaondoka. Tumerudi na prosesa. Ina ukubwa wa biskuti. Bakuli linalotosha kuogesha mapacha limekwenda kwa biskuti! Lakini ubongo ni ubongo.

Alhamisi, 15 Januari

Nimeifunga mwenyewe. Bawa alinionyesha jana kwa mashine nyingine, na mimi nikiona kitu mara moja nimekishika. Unatoa feni, unatoa kitana cha chuma cha kupozea, unachomoa ya zamani, unaweka mpya. Alinipa pia tyubu ndogo ya dawa ya kijivu ya kupaka kati ya prosesa na kitana.

Nikageuka kuichukua. Wunpini kimya. Kimya kile ambacho mama yeyote anakijua. Alikuwa ameipaka yote kwenye paji la uso la kondoo wa babu yake. Kondoo ametulia kama bwana harusi.

Sikukata tamaa. Kitu gani hakijapona kwa mafuta ya shea? Tunapaka kitovu cha mtoto. Tunapaka visigino, bawaba, mnyororo wa baiskeli. Nikachota donge, nikaipaka prosesa mpaka ikang'aa kama mtoto anayepelekwa sala ya Ijumaa.

Ikawaka! Ikakimbia! Vijana wakaja mmoja mmoja, benchi likajaa, waliokosa nafasi wakakaa kwenye debe. Nikamtazama Napari ng'ambo. Kwa heshima tu, bila maneno. Baraza likanukia vizuri sana. Mama Azara akapita, akanusa, akauliza nani amejifungua.

Kisha mafuta yakayeyuka. Yakatiririka mguuni mwa meza. Mpira uko njiani kwenda golini, kioo kikawa cheusi. Benchi likahamia ng'ambo, pamoja na waliokaa kwenye debe. Debe pia wamelibeba.

Ijumaa, 16 Januari

Siku mbaya.

Mama Azara amekuja kuazima bakuli kuu, kuna mtoto wa jirani anapewa jina. Nikasema limekwama. Akafunua kitambaa. Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi. Akaniuliza kwa upole limekwenda wapi, nikamwambia. Akajitanda mtandio akatoka. Afadhali angenifokea.

Nimelia kidogo. Wunpini akaniletea kijiko chake, kitupu, akanitia mdomoni.

Kesho mechi, benchi tupu, mashine imezima. Nikavuka barabara.

Napari ameifungua, akacheka mpaka akakaa chini. Akafuta shea yote, nyingine akajipaka viwiko, kwa kuwa ngozi ilikuwa imempasuka. Kisha akaleta pampu ya baiskeli, akapuliza. Likatoka wingu! Vumbi la harmatani tatu, na uji mkavu. Halafu akaziweka prosesa mbili, ya zamani na mpya, kiganjani, akaniambia nisome namba.

Nikasoma. Nikasoma tena. Ni namba ileile. Mapacha.

"Mama Wunpini, umenunua ulichokuwa nacho," akasema.

Akapaka dawa yake mwenyewe, akafunga mojawapo, hata yeye hakujua tena ipi ni ya zamani. Ikakimbia kama ilivyotakiwa. Hapo ndipo akamaliza maneno ya Jumanne. Mechi ni mbili, saa ileile, na baraza lake halitoshi watazamaji wote. Tangu mwanzo alikuwa anaomba baraza langu.

Jumapili, 18 Januari

Jana! Watu mpaka barabarani. Hakuna mguu uliobaki hewani. Mama Azara alikuja bila kunisalimu, akaweka karai lake la bajia za kunde mlangoni kwangu, na bajia zikaisha kabla ya mapumziko. Akampigia Salifu hapohapo, nasikia, akamwambia mashine haiuzwi. Wunpini juu ya nyayo zangu mechi nzima.

Na asubuhi hii Mama Azara ameingia na bakuli langu kichwani. Mke wa Bawa alikuwa amekwisha lipikia supu. Mama Azara alikaa pale mgahawani mpaka supu ikaisha, akaliosha, akalichukua. Alichotoa kulikomboa hasemi. Akainua mnara, akaitoa ndoo, akalirudisha chini kabisa.

"Bakuli la mama yako haliuzwi, mwanangu. Ukibanwa tena, uza langu."

Nimelia begani kwake. Ananukia shea.

Sasa nimekaa, nafikiri. Situlii. Kama mashine inakimbia hivi kwa ubongo uleule wa kizee, je, ikipata mkubwa? Napari anasema inatosha. Lazima aseme hivyo! Bawa anayo nyingine, kubwa zaidi kwa ngazi moja, na mimi nina pacha wa kuongezea juu. Na Mama Azara amesema kwa kinywa chake, Wunpini ni shahidi. Mama analo bakuli la kijani, pana, lina picha ya samaki chini, liko nyuma ya mlango wake na sijaliona likitumika tangu niolewe. Ndoo ya kuogea inaenea pale vizuri tu. Nikiifunika kile kitambaa, na mlango ukibaki wazi, mtu hawezi

Ananiita. Anauliza ndoo iko wapi. Naam, Mama, naja, nilikuwa tu napima