Saa ya Baba Mkwe Imepindisha Nyumba Nzima

Kwa Baba Mkwe mpendwa,
Mwashi Mstaafu,

Shikamoo, Baba. Ukitaka kujua hali zetu, sisi huku tu wazima wa afya, isipokuwa tumepinda. Hilo la kupinda ndilo lililonikalisha chini kuandika. Naomba univumilie, maana kumlalamikia baba mkwe si jambo ambalo mtu hulifanya akiwa na akili zake timamu, na zangu siku hizi sina uhakika nazo.

Malalamiko yangu yanahusu saa. Unaijua: ile ya ukutani, ya mbao, yenye pendulamu ya shaba inayobembea nyuma ya kioo. Ulituletea kwa mikono yako, ukaitundika mwenyewe kwenye ukuta ulioujenga mwenyewe, ukaipima kwa pimamaji, ukafumba jicho moja na kusema, "Hapo sasa." Tulikushukuru sana. Hujafika kona ya barabara, saa ikasimama.

1. Tulimwita fundi saa. Kwanza hakugusa kitu, alisimama tu akasikiliza, kama daktari anayesikiliza kifua. Akasema saa inachechemea: tik inawahi, tak inachelewa. Akasukuma sehemu ya chini ya kasha kuelekea kushoto, kidogo kidogo, mpaka tik na tak zikaenda mwendo mmoja, akachora alama ya penseli ukutani. Alituambia saa ya namna hii hutundikwa kwa masikio, si kwa macho. Tangu siku hiyo inatembea vizuri ajabu, lakini imepinda, Baba, tena waziwazi.

Nilimwuliza binti yako, kwa upole, kama huenda kasoro ni ya ukuta. Akanijibu: "Ukuta ni wa baba, haujapinda. Saa ni ya baba, haijapinda. Humu ndani kisicho cha baba ni wewe."

2. Wageni. Hakuna binadamu anayeweza kuona kitu kimepinda ukutani kisha akakaa chini akatulia. Jirani akija kuomba chumvi, anainyoosha saa. Mteja akija kuchukua suruali niliyomshonea, anainyoosha saa, halafu anatabasamu akingoja ashukuriwe. Saa inasimama. Binti yako alifikiri sana akapata dawa: akavipinda vitu vingine vyote. Picha ya harusi yetu, kalenda, kioo, hata rafu ya vikombe, vyote vimeelekea kushoto sawasawa na saa. Kwa hiyo saa sasa inaonekana imenyooka, na wageni hawaigusi tena. Wanashika ukuta wakitembea, na mmoja aliomba maji ya kunywa na pa kulala kidogo.

3. Kioo hicho, Baba, ndicho kinachonilisha. Wateja hujitazama hapo ninapowapima. Mteja akijiona halingani na fremu, anajiinamisha mpaka alingane nayo, nami nampima hivyo hivyo. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani nimemshonea koti linalomkaa vizuri mno, mradi awe ameegemea kushoto. Naye ni mtu nadhifu, hapendi koti lake likae vibaya. Siku hizi anawahutubia wanafunzi akiwa ameinama upande, na nasikia walimu walio chini yake wameanza kuinama pia, wakidhani ndiyo dalili ya kupandishwa cheo. Likigundulika, kazi yangu imekwisha.

4. Saa haipendi jua, basi mapazia hayafunguliwi. Saa haipendi mtikisiko, basi cherehani yangu imehamishiwa barazani, nami nikaifuata, maana pedali haijikanyagi. Saa iko sebuleni kivulini, mwenye nyumba yuko nje anachomwa na jua. Wapita njia huniuliza nimekosa nini, na mimi huwaambia napunga upepo.

5. Mishale yake hairuhusiwi kurudishwa nyuma. Juzi ilikimbia, kwa sababu mimi, katika kutaka kusaidia, niliikaza ile nati ya chini ya pendulamu badala ya kuilegeza. Dawa yake, kwa maelezo ya binti yako, ni kuisimamisha na kungoja mpaka dunia iifikie. Tukakaa kwenye viti tukaingoja dunia. Niliposema nina njaa, nikaambiwa tunakula saa saba, na kwa sasa hakuna saa.

6. Inagonga. Saa moja asubuhi inagonga mara saba. Macho yangu yamezoea tangu utotoni kuona saba na kusema moja, lakini masikio hayakusomea hayo. Nazinduka usingizini nikiamini ni saa saba mchana, natoka mbio barazani na suruali ya mtu mkononi, kumbe nje hata umande haujakauka.

7. Hili sasa ndilo linaloniuma. Kila Jumamosi jioni saa hutiwa ufunguo. Binti yako hupanda juu ya stuli, mimi naishika isiyumbe. Huzungusha ufunguo taratibu, bila kuulazimisha, kisha huweka sikio kwenye mbao, akafumba macho, akatabasamu. Baba, nimeishi na mwanao miaka mingi na hajawahi kunisikiliza namna ile. Nasema bila kuficha: nina wivu na saa.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima ufanye mojawapo kati ya haya. Uje uichukue saa yako. Au uje uubomoe ukuta wako na kuujenga upya ukiwa umepinda kulia, ili saa isimame wima. Najua katika maisha yako yote hujajenga ukuta wa hivyo, lakini mkono wa fundi haushindwi. Au, hayo yote yakishindikana, unichukue mimi. Sili sana, sigongi, na popote utakaponiweka nitatulia.

Msalimie sana Mama, na shangazi, na jirani yenu mwenye kikohozi, na yeyote atakayekusomea barua hii endapo miwani yako iliyopotea bado haijapatikana.

Ni mimi mkweo mtiifu, ninayeandika kwa mwandiko ulionyooka kadiri ya uwezo wangu,

Fundi Cherehani wa Barazani

Nyongeza: Barua hii ilikaa chini ya cherehani ikimngoja shemeji aje aichukue akuletee. Kabla hajaja, binti yako aliisoma. Hakugomba. Aliitoa pendulamu kwanza, kama fundi saa alivyotufundisha, akaishusha saa, akaiviringisha kwenye blanketi. Akanyoosha picha na kioo, akafungua mapazia, akaniambia niingize cherehani ndani. Nilifurahi mpaka nikapiga mluzi. Mshono wangu wa kwanza ndani ya nyumba iliyonyooka ulikwenda upogo, maana mguu, uliozoea tik na tak ya saa, ulikosa wa kwenda naye.

Ikafika Jumamosi jioni. Mimi nilikuwa nakata kitambaa, yeye anakunja nguo. Tukainuka pamoja bila kuambiana. Nikaleta stuli, akapanda. Tukabaki hivyo mbele ya msumari mtupu, yeye juu, mimi nimeishika stuli, na nyumba kimya kabisa. Nilihuzunika, Baba, sijui nikueleze vipi. Ndipo akainama, akaweka sikio lake juu ya kichwa changu, akafumba macho. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema nami nachechemea kidogo, nisogee kushoto. Nikasogea.

Samahani kwa kukueleza mambo ya ndani. Saa imerudi kwenye alama yake ya penseli, mimi nimerudi barazani kwangu, na mwalimu mkuu ameagiza koti la pili. Usiichukue saa, ukuta usiuguse, na mimi niache hapa hapa. Ukitaka kuja kutusalimu, karibu sana. Njoo na masikio yako tu. Pimamaji iache huko huko.