Nasra na Vita vya Mwinyijuma Wawili

Jongeeni, enyi watu wa Chumbageni, nanyi wa Mkwaja mliochelewa msogee, niwasimulie habari za Nasra binti Miraji, mtunza takwimu, simba jike wa kibodi, aliyeyaunganisha majedwali mawili ya waalikwa wa harusi yake mwenyewe bila ya damu kumwagika, ingawa ilibaki kidogo.

Jedwali la kwanza lilikuwa la upande wake, la pili la bwana harusi, Mudathir. Nasra akachomoa upanga wake, amri ya kompyuta ya kuunganisha majedwali: MERGE INTO jedwali lake, USING la Mudathir, ON jina la mtu, ndilo la kulinganishwa. WHEN MATCHED, jina lililomo tayari, habari zake zibadilishwe. WHEN NOT MATCHED, jina geni, liingizwe. Seva ikagoma, maana hakutia nukta mkato mwishoni. Akaitia, ikasalimu amri.

Ole wake! Alisahau kwamba kwao mjukuu hupewa jina la babu. Babu yake, Mwinyijuma Hatibu, ndiye walii wake wa kumwozesha tangu baba yake afariki. Binamu yake, Mwinyijuma Hatibu, ni mpiga ngoma aliyeorodheshwa na kina Mudathir. Mfumo uliona jina moja, ukamvua mzee uwalii na kumtwika ngoma. Na mama yake, Bi Khadija, akaisoma orodha kwa sauti mbele ya mzee huyo huyo.

"Shikamoo babu," alisema Nasra kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeisikia amri, nami nimeikubali. Siku hiyo nitapiga ngoma. Wa kukuozesha mtafute humo humo kwenye kompyuta yako."

Nasra aliingiwa na hofu ya kweli, kwani bila walii hapana ndoa, na mzee yule akisusa amesusa. Akarudi vitani. Akarejesha nakala ya akiba. Alifikiria kulinganisha namba za simu, akaghairi, maana babu na mjukuu wake mpiga ngoma wanatumia simu moja. Ndipo baada ya ON akaandika jina, AND mwaka wa kuzaliwa, na nukta mkato yake hakuisahau.

Mwinyijuma wa 1941 akabaki na uwalii wake. Wa 2001 akaingia na ngoma yake.

Bi Khadija akasoma upya. Mzee akasikiliza hadi jina la mwisho.

"Nitaozesha," akasema. "Ila ngoma nilishaanza kuizoea."

Na iandikwe, Tanga nzima ijue, na vizazi vihadithiane: siku hiyo jedwali lilizidi lile la vita vya kwanza kwa mstari mmoja, wa Mwinyijuma mpiga ngoma.